Siku Simu Janja Zilipogoma Kiritiri

Nyinyi vijana wa kuuza simu mna maringo, na sisemi kwa ubaya, hata mimi nilikuwa nayo. Kila nikipita pale dukani, ambako sasa binti yangu Kendi ndiye anauza, nakuta wawili wanabishana: Android na iPhone, ipi ni baba ya nyingine. Wanabishana kama watu wa makanisa mawili. Juzi mmoja akanigeukia, "Shosho, wewe tutakuweka wapi? Wewe si ni wa mulika mwizi?" Wenzake wakavunjika mbavu.

Wee! Mulika mwizi nimeuza, ndiyo, zile simu za tochi, na sioni haya. Lakini huo ubishi wenu niliumaliza zamani, hadharani, siku ya soko, mbele ya watu na mbuzi. Na siku hiyo sikuwa nabishana kwa kupoteza wakati. Nilikuwa napigania kibanda changu, na nilibakisha kidogo hivi tu nikipoteze. Kwa hivyo kaeni chini niwaambie, na wewe wa kuniita bibi, wa "shosho", ukae mbele kabisa.

Ufundi nilifundishwa Maua na fundi mmoja anaitwa Mutwiri, mtu mfupi, shavu moja limejaa miraa kuanzia asubuhi. Wakati huo simu ilikuwa na vitufe na tochi, na kazi kubwa ilikuwa kuosha vitufe na kubadilisha maiki. Watu wa miraa ndio walikuwa wateja wetu, na mtu wa miraa hana subira, mzigo wake ukichelewa kufika Nairobi umekuwa majani ya kulisha mbuzi. Siku moja akaja mmoja ambaye simu yake imeanguka kwa ndoo ya maji. Mutwiri alikuwa ametoka. Mimi mwerevu nikasema, kitu kikilowa kinakaushwa. Nikaiweka juu ya jiko.

Mutwiri aliporudi alikuta vitufe vimeyeyuka vimeshikana, duka lote linanuka. Akaiangalia ile simu, akaniangalia mimi. "Sawa, umeipika," akasema. "Sasa tafuta chumvi." Kisha akatoa laini ya yule mtu, akaiweka kwa simu yake mwenyewe, akampa aende nayo kazini. Mimi nilikuwa nalia nyuma ya pazia. Hakunigombeza hata kidogo. Aliniambia tu kwamba kabla sijagusa simu ya mtu, nimsikilize mwenyewe kwanza, nijue ilikuwa wapi na inafanya kazi gani. Nikasema nimesikia. Ng'o! Sikuwa nimesikia kitu.

Nimezaliwa karibu na Kanyakine, kwetu kwa Wameru, kwa baridi na migomba. Kuolewa na Nyaga ndiko kulinileta Kiritiri kwa Wambeere, na jua la huko si mchezo. Nikapata kibanda sokoni, nikauza kabambe, hizo hizo simu za vitufe, miaka mingi, nikajulikana. Halafu zikaja simu janja.

Nyinyi mmezaliwa mkazikuta, hamwezi kujua ile vurugu. Zilikuja kwa vikundi, na kila kikundi kilikuwa na watu wake. Kulikuwa na zile za vitufe vidogo vingi kama punje za mtama, za watu wa ofisi, ukiwa nayo unaiweka mezani hotelini ili watu waone wewe ni mkubwa. Kulikuwa na iPhone, ambazo huku zilifika zikiwa zimeshatumika ng'ambo. Na kulikuwa na Android, za bei tofauti tofauti, kutoka ya mwalimu mkuu mpaka ya mtu wa kuchota mchanga. Na hizo simu zilikuja na njaa. Zilimla muuza saa, zikamla muuza redio, zikamla muuza tochi, zikamla yule mpiga picha wa pale stendi aliyekuwa anatuambia tusipepese macho. Jirani yangu aliyekuwa anajazia watu nyimbo kwa kompyuta alifunga, akaenda kufuga nyuki. Mimi nikaona kilichomtoa kanga manyoya. Nikasema mimi sitaliwa.

Nikauza kabambe zangu zote kwa jumla, nikajaza kabati la kioo na Android tupu. Watu wakasema huyu Mmeru ameingiwa na wazimu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mshindani wangu, Njeru, kijana mtanashati, viatu vinameta hata kwa vumbi la Kiritiri. Yeye alibaki na kabambe zake, na mbele akaweka iPhone moja peke yake juu ya kitambaa cheupe, kama maiti ya mtu mashuhuri. Watu walikuwa wanaenda kuitazama tu.

Mimi nilichagua Android kwa akili, si kwa mapenzi. Nilihesabu hivi: mtu wa Mbeere ana laini mbili, moja ya kupigia na moja ya kupokea pesa, na Android iliingia zote mbili. Stima kwake haijafika, na betri ya Android ya siku hizo ilitoka, kwa hivyo ukiwa na ya akiba hujali. Nyimbo unarushiwa na jirani bure. iPhone ilikuwa laini moja, betri imefungiwa ndani, na kuweka wimbo mpaka utafute kompyuta. Hapo nilikuwa sahihi, na hata leo siwezi kujikosoa. Kosa langu lilikuwa mahali pengine.

Kosa langu lilikuwa hilo kabati. Nilikuwa nalifunga kwa kufuli, sitaki simu zishikwe zijae alama za vidole. Mteja akitaka kuona, naitoa mimi, naifungua mimi, naionyesha mimi, naifuta na kitambaa, narudisha. Na hili ni soko la mbuzi, jamani! Kiritiri hakuna mtu ananunua mbuzi kwa macho. Lazima umshike mgongo, ubonyeze kiunoni na kidole gumba usikie kama ana mafuta au ni manyoya matupu. Mimi nilikaa katikati ya watu kama hao miaka na miaka, na nikawauzia simu kwa macho.

Wa kwanza kununua kwangu kwa wingi walikuwa kikundi cha akina mama wanaouza mbuzi na ndengu. Kiongozi wao alikuwa Ciarunji, mama mrefu, mtu wa maneno machache, akisema ndiyo soko zima linajua ni ndiyo. Walinunua simu kumi na mbili siku moja. Walichotaka kilikuwa kimoja: kupiga mbuzi picha na kumtumia mnunuzi wa mbali, ili waachane na madalali waliokuwa wanakuja asubuhi na bei yao mfukoni, ukikataa unarudi na mbuzi wako kwa mguu. Nikawaonyesha kila kitu kwa kidole changu. Wakaniamini, wakaenda.

Wiki moja baadaye, Ciarunji akaweka kiondo juu ya meza yangu. Simu zote kumi na mbili zilikuwa ndani, kila moja imefungwa kwa kitambaa chake, safi kuliko nilivyouza.

"Kananu, chukua vitu vyako," akasema.

"Zimefanya nini?"

"Zimegoma. Inalia, unaona jina la mtu, unagusa, haishiki. Unagusa tena, kimya. Kumi na mbili zote."

Nikachukua ya kwanza. Kidole kimoja, fyu, ikafunguka. Ya pili, fyu. Ya tatu. Watu wakaanza kusimama kutazama. Ng'ambo nikamwona Njeru amekuja mpaka ukingoni mwa barabara, anatabasamu.

"Mbona kwangu zinafanya?" nikauliza.

"Hiyo ndiyo tunakuuliza wewe."

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi mpaka nikaanguka chali. Nikasema kwa sauti, watu wakisikia: "Mama, hii si mbuzi. Hii inataka mtu amesoma kidogo."

Aki, soko zima liligeuka kunitazama. Ciarunji hakujibu kwa hasira. Alisema tu, "Sawa. Sisi ni watu wa mbuzi." Akaacha kiondo pale pale, akaenda moja kwa moja kwa kamati ya soko.

Kanuni ya soko letu ilikuwa fupi: ukiuzia watu kitu kibovu, kibanda kinapewa mwingine. Mwenyekiti akaja akaniambia kesi itasikizwa siku ya soko inayofuata, hapo hapo nje, kila mtu aone. Na kila mtu alijua Njeru anakitaka kile kibanda, kwa sababu kiko upande wenye kivuli. Nyaga akaniambia nizirudishe tu hizo simu niombe yaishe. Lakini fikirieni: nikikubali ni mbovu, nani Mbeere nzima atanunua nyingine? Na kabati halikuwa na kitu kingine ndani. Ilikuwa nishinde au nirudi Kanyakine kupalilia migomba ya mama yangu, na ndugu zangu wanicheke.

Siku zilizofuata sikula vizuri. Nilifungua simu zote. Nikaweka programu upya, nikasafisha, nikabadilisha skrini ya moja nione. Kwangu zote zilifanya kazi kama maji. Nikampigia Mutwiri Maua, nikamweleza kila kitu, mpaka tusi. Akacheka mpaka akakohoa.

"Umefungua simu kumi na mbili," akaniambia. "Mwenye simu umemfungua lini?"

Nikachukua simu ya Ciarunji, nikaenda kwake mchana huo huo.

Nilimkuta uani anapiga ndengu zitoke kwa maganda. Nilitegemea matusi, nikapewa kiti na uji. Kwa Wambeere mgeni haulizwi shida kabla hajashiba, hata akiwa mjinga kama mimi. Nilipomaliza akanipa fimbo, "Basi tusaidiane, kazi haingoji." Nikapiga ndengu na nguo zangu za dukani. Baadaye tukakaa kivulini, nikamwambia, "Mama, nionyeshe vile unagusa."

Akagusa. Kimya. Akagusa tena, polepole, sawasawa kabisa, vizuri kuliko wateja wengi. Kimya. Hapo ndipo niliposhika mkono wake, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Ncha za vidole zilikuwa zimekauka na kuwa ngumu kama kwato, zimepasuka kwa jembe, kwa kamba za mbuzi, kwa kushona magunia ya makaa. Kioo cha simu janja hakisikii kubonyezwa, vijana. Kinasikia ngozi, ile yenye unyevu kidogo. Vidole vyangu vya dukani vilikuwa laini kama vya mtoto, ndiyo maana kila kitu kilikuwa fyu, fyu. Vya Ciarunji, simu ilikuwa inaona kama amegusa na kijiti.

Nilikuwa sijui nifanye nini na hayo maarifa. Siwezi kumwambia mtu abadilishe vidole! Nikakaa namtazama tu. Upepo ukaleta makapi ya ndengu juu ya kioo, Ciarunji akayapangusa kwa mgongo wa kidole, pale kwenye kifundo, vile mtu anafukuza inzi. Simu ikafunguka. Akapangusa tena, ikaingia kamera, ikalia klik! Tukaangalia. Ilikuwa picha ya matundu ya pua yake.

Ngai! Tulicheka mpaka mbuzi wakakimbia. Akajaribu tena kwa kifundo: inafanya. Akajaribu kwa ncha ya kidole: kimya. Kifundo: inafanya. Ngozi ya pale juu kazi haijaila. Nikaruka juu kama msichana, nikamkumbatia, nikamwambia nisamehe mama, nilikukosea sana.

Akanitoa shingoni mwake polepole. "Ulitutukana wapi?" akauliza.

"Sokoni."

"Basi msamaha uko huko huko sokoni. Hapa umekunywa uji tu."

Msifikirie alinihurumia. Nilimwuliza kama ataniongelea kwa kamati, akasema kamati ina masikio yake.

Siku ya soko watu walijaa. Mwenyekiti alisimama na kofia yake, wale akina mama kumi na wawili wakasimama mstari mmoja, kila mmoja na simu yake niliyomrudishia mkononi. Kabla sijafungua mdomo Njeru akajitokeza na iPhone yake kwenye kitambaa cheupe. "Wazee, akina mama, simu ya kweli ndiyo hii," akasema. "Hizo zingine ni za kuchezea watoto."

Nikasema, "Mpe Ciarunji aiguse."

Akampa kwa heshima zote. Ciarunji akagusa kwa ncha ya kidole. Kimya. Akagusa tena. Njeru akaifuta, akampa tena. Kimya! Watu wakaanza kunong'ona. Njeru jasho likamtoka, akaanza kusema labda chaji.

Nikamwambia, "Njeru, simu yako ni nzima, usihangaike. Yako na yangu, vioo vyote ni vya aina moja. Android iko sawa, iPhone iko sawa. Mimi ndiye nilikuwa mbovu." Nikageukia watu. Nikasema: "Niliwauzia hawa mama simu bila kuwaacha wazishike. Ziliponirudia, nikasema hawajasoma. Wamelisha watoto na kuwapeleka shule kwa hii mikono, na mimi nikaitukana hii mikono, hapa, mbele yenu. Naomba msamaha hapa, mbele yenu. Sasa akina mama, tumieni kifundo."

Wakageuza vidole. Tko, tko, tko, kama wanabisha mlango. Simu kumi na mbili zikafunguka, nyingine zikaanza kuimba, mama mmoja akapiga kigelegele hata kabla hajajua amefungua nini. Soko likalipuka!

Lakini Ciarunji hakuwa amemaliza. Dalali mmoja alikuwa hapo hapo, ameshamtajia Ciarunji bei ya beberu wake tangu asubuhi, bei ya kumtukana beberu. Ciarunji akasimama mbele ya yule mbuzi, akampiga picha kwa kifundo, moja ya mbele, moja ya ubavu, akamtumia mchinjaji wa Maua ambaye Mutwiri alitutafutia wiki hiyo. Watu wakangoja. Simu ikalia, akaipokea kwa kifundo, akaweka sauti ya nje: "Mama, usimuuze huyo, gari yangu inakuja Alhamisi," na akataja bei. Dalali akakohoa. Akaongeza. Ciarunji akamwambia kwa upole, "Umechelewa, baba." Tangu siku hiyo madalali walianza kusalimia watu wakifika.

Sasa mkitaka jibu la ubishi wenu, langu ni hili, na niliuza zote miaka mingi baadaye. iPhone inadumu, haizeeki haraka, na siku ya kuiuza bado ina bei, hiyo siwezi kuinyima. Android ina ya kila mtu, na fundi wa kijijini anaiweza. Lakini mteja akija, msianze na simu. Shika mkono wake kwanza. Kama ni mkavu, mfundishe kifundo, au apake mafuta kidogo usiku. Kisha mpe simu mkononi, akae nayo mpaka atosheke. Hiyo ndiyo biashara yote niliyojua, na iliwasomesha watoto wangu wanne.

Basi, turudi pale sokoni, mwenyekiti akanyanyua mkono, watu wakatulia. Akasema yeye si fundi wa simu, wenye simu ndio wataamua kama Mmeru huyu atabaki na kibanda au atatoka. Wote wakamwangalia Ciarunji. Aliinamisha kichwa kwa simu yake, akaanza kugonga kwa kifundo, taratibu, anatafuta. Nikafikiri anampigia tena mtu wa Maua, shida yangu ameshaisahau.

Simu ikalia mfukoni mwangu.

Nikaitoa. Alikuwa amesimama hatua mbili tu mbele yangu, simu sikioni, ananitazama usoni.

"Hallo?" nikasema.

"Kananu, ni Ciarunji. Uko wapi?"

"Niko hapa, mama."

"Unafanya nini hapo nje? Rudi ufungue duka, dada zangu wanataka simu."